Kijiwe Kiitwacho Scrupulus

Kariakoo, Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Paskalia,

Mmetoka sasa hivi, wewe na mama yako, kwenda Ilala kumuaga shangazi, nami namjua dada yangu, hamwachilii mgeni kabla hajamlisha mara mbili. Basi nina saa tatu, pengine nne, za kukaa mezani peke yangu. Nimefunga mlango wa uani ili wapangaji wasije kuniomba kiberiti.

Sitakuandikia habari za shuka, wala za kuchemsha maji, wala za kumwachia mtu usiyemjua mzigo wako kwenye gari la moshi. Mama yako anakuambia hayo tangu Jumatano, na nimeona umeanza kumjibu kwa kutikisa kichwa tu. Mimi nina jambo moja. Ni habari ya neno la Kilatini, na ya kitu nilichofanya wewe ukiwa na miaka minne, na siwezi kukueleza hicho cha pili bila kuanza na neno. Univumilie. Unajua baba yako si mtu wa njia fupi.

Huko hospitali ya misheni, kabla hujafika mbali katika uuguzi, watakuingiza chumba cha dawa. Utakuta chupa zimepangwa ukutani, zote zimeandikwa Kilatini, na wenzako watayakariri maandishi yale kama mtu anavyokariri sura za watu. Mimi nilianza hivyo hivyo. Vitani nilibeba sanduku la dawa la daktari mmoja wa Kiingereza, nikalibeba mpaka kusini huko, na vita vilipokwisha nikabaki hapa mjini na barua yake inayosema kwamba sikuvunja chupa hata moja. Kwa barua hiyo Bwana Kaetano, Mgoa aliyekuwa na duka la dawa kule Uhindini, akanichukua nimsaidie kupima. Unamkumbuka kidogo, nadhani. Alikuwa mwembamba, mwenye suti nyeupe na hasira za karibu, na kila Jumamosi alikwenda kuungama hata kama wiki nzima alikuwa amelala homa.

Mchana tulifunga duka, naye alisinzia kwenye kiti, gazeti usoni. Siku moja nikawa nanakili majina ya chupa kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Akaondoa gazeti.

"Wewe Benedikto, nafanya nini?"

"Najifunza majina, Bwana."

"Wewe nachora. Hii si picha, hii maneno. Neno iko na baba, iko na mama. Soma hii."

"Pilula."

"Nini kwa Kiswahili?"

"Kidonge."

"Kidonge mtoto ya nani?"

Sikumwelewa. Akagonga meza kwa kidole. "Kidonge! Nimetoka kwa nani?"

"Kwa donge, Bwana?"

"Haya! Na pilula nimetoka kwa pila. Pila ni mpira, mwanamke. Hii mkia, ula, nafanya mpira kuwa kidogo. Wazee ya Roma iko na akili sawasawa na wazee yako."

Kuanzia siku ile mchana wetu ukawa darasa. Alinionyesha kwamba nusu ya maneno ya duka lile yalikuwa ya udogo. Capsa ni kasha, na capsula ni kikasha. Granum ni punje, na granulum ni kipunje. Unachukua jina la kitu kizima, unalikata mwisho, unalipachika mkia wa ulus au ula au ulum, na kitu kinapungua mbele ya macho yako. Nilifurahi kama nimepewa ufunguo. Mtu niliyesoma miaka mitatu tu kwa mapadre, nikaanza kusoma chupa nisizowahi kufundishwa.

Lakini kulikuwa na jambo lililonisumbua. Kwa Warumi kila jina ni la kiume, au la kike, au la jinsia ya tatu isiyo hii wala ile, na ukilifanya dogo halihami. Pila ni la kike na pilula ni la kike. Granum ni la jinsia ya tatu, na granulum limebaki huko huko. Nikamwambia Bwana Kaetano kwamba kwetu si hivyo. Sisi tunasema donge limeanguka, lakini kidonge kimeanguka. Mtu huyu, lakini kijitu hiki. Ukishakifanya kitu kidogo umekitoa kwa watu wake, umekipeleka kwenye ngeli nyingine pamoja na vijiko na vikapu. Alicheka sana, na hakuwa mtu wa kucheka.

"Roma hapana hama," akasema. "Mtoto nakaa kwa baba yake, hata kama ni mdogo kabisa."

Sasa neno lenyewe. Utalikuta kwenye kisanduku cha mawe ya mizani. Scrupus, kwa Warumi, ni jiwe lenye ncha. Lipachike mkia na utapata scrupulus, kijiwe chenye ncha, cha kiume kama baba yake. Kimoja ni scrupulus, viwili ni scrupuli, na daktari anapoandika juu ya karatasi yake neno la kuamuru, chukua, basi mkia unageuka tena, unakuwa scrupulum, kwa sababu sasa kijiwe kinatendwa. Bwana Kaetano alinieleza hivi: Mrumi alivaa makubadhi, na kijiwe cha namna hiyo kikiingia kati ya ngozi na unyayo akiwa safarini na wenzake, hakai chini kukitoa. Anaona aibu kusimamisha watu kwa kitu kidogo hivyo, basi anatembea nacho. Ndipo wakalichukua neno hilo wakalitumia kwa jambo dogo linalomchoma mtu moyoni asipate raha. Na wapima dawa nao, kwa kuwa kijiwe ni kidogo, wakalifanya jina la uzito wa punje ishirini za mizani.

Vitabu vingine vya zamani, vikitaja uzito, vinaliweka neno hilo katika jinsia ya tatu. Nikamuuliza mbona mtoto amehama, na yeye ameniapia hahami. Alikasirika kama nimemtukania ukoo.

"Hapo iko fujo," akasema, akarudisha gazeti usoni.

Nimecheka kidogo kuandika hilo, Paskalia. Ninayoandika sasa hayana kicheko.

Kijiwe cha scrupulus katika duka letu kilikuwa bapa dogo la shaba, kama ukucha wa kidole cha mwisho. Sheria ilikuwa moja: jiwe la mizani halishikwi kwa mkono, maana jasho lina uzito wake. Linashikwa kwa koleo dogo. Siku moja ya joto, duka limejaa watu, nilishika kwa vidole. Bapa likanata kwenye kiganja chenye jasho, nikapangusa mkono kwenye suruali, na nilipolitafuta halikuwepo. Sakafu ilikuwa ya mbao zilizoachana. Nilitafuta kwa sindano, nikatafuta kwa waya, Bwana Kaetano alipotoka nikatafuta kwa magoti. Lilikuwa limekwenda.

Msaidizi wa kabla yangu alifukuzwa kwa kubadilisha vizibo viwili vya chupa. Nilikuwa na wewe na mama yako kwenye chumba kimoja hapa Kariakoo, nyumba hii hii kabla hatujapata vyumba viwili. Niliogopa. Nilikwenda kwa sonara mmoja Uhindini, wale wanaopima dhahabu kwa mbegu nyekundu zenye jicho jeusi. Nikamuuliza mbegu ngapi zinafanya punje ishirini. Akahesabu kichwani, akasema kumi na moja. Nikachukua kipande cha madini ya risasi kutoka kwenye bitana ya kasha la chai, nikakichonga kwa tupa pale pale kwenye kiti chake mpaka kikalingana na mbegu kumi na moja, nikarudi nacho nikakiweka katika tundu la kisanduku. Sikukilinganisha na kitu kingine chochote. Ningeweza. Yalikuwepo mawe ya punje kumi na punje tano na punje mojamoja, ni kazi ya dakika mbili. Sikufanya, na nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani ni kwa sababu nilijua naweza kuona kitu nisichotaka kukiona.

Kwa kijiwe kile nilipima dawa miezi minne.

Masika yakaja, na homa zake. Hapa sasa naingia mahali unapopajua. Unamjua Bi Zuhura wa nyumba ya mbele yetu, na unajua kwamba alikunyonyesha. Mama yako alipokuzaa aliugua, maziwa yakakauka, na Bi Zuhura alikuwa na Selemani wake wa miezi miwili. Wiki tano alikuweka titi moja na Selemani titi la pili. Hakuuliza kwamba sisi ni wa kanisani na yeye ni wa msikitini. Alisema tu kwamba maziwa hayajui. Baada ya hapo hamkutengana. Mlilala mchana kwenye mkeka mmoja uani kwake, na watu walizoea kuwaita kwa pamoja, Sele na Paska, kama jina la mtu mmoja.

Masika yale Selemani akashikwa. Daktari wa serikali akaandika kwinini, na dawa hospitali ilikuwa imepungua, watu wanapanga foleni mpaka jua kali. Mimi ndiye niliyemwambia Bi Zuhura alete karatasi kwangu.

"Nitampimia mwenyewe," nikamwambia. "Usimpe mtu mwingine."

Asubuhi ile nikapima scrupuli mbili za kwinini, nikaumwaga unga juu ya marumaru, nikaugawa kwa kisu mafungu kumi na mawili, kila fungu katika karatasi yake iliyokunjwa. Nilikunja vizuri sana. Bi Zuhura alikuja mwenyewe, akavipokea vipakiti kwa mikono miwili.

Mchana wa siku hiyo hiyo likaletwa kasha kutoka bandarini, na ndani yake kisanduku kipya cha mawe ya mizani, alichoagiza Bwana Kaetano bila kuniambia. Akanituma nikifungue, yeye akaenda kula. Nikachukua scrupulus mpya kwa koleo, nikaiweka sahani moja. Nikachukua kijiwe changu cha risasi, nikakiweka sahani ya pili. Sahani yangu ikapanda juu, wala haikusita. Nikatoa, nikafuta, nikarudia. Kisha nikakipima kijiwe changu kwa punje. Kilikuwa cha punje kumi na tano; mbegu za sonara zilikuwa nyepesi kuliko hesabu yake.

Robo nzima ilikuwa inapungua, kwa miezi minne, kwa kila mtu. Nikakitia kijiwe mfukoni.

Nilirudi nyumbani jioni, jua halijazama, nikakukuta wewe nawe umelala unachemka, mama yako anakupangusa kwa kitambaa. Funguo za duka nilikuwa nazo. Nikavuka Mnazi Mmoja kwa mbio, nikafungua, nikakupimia kwinini yako kwa scrupulus mpya. Nilipima mara tatu. Nikarudi na vipakiti mfukoni mwa shati, na mbele ya mlango wetu Bi Zuhura akanisimamisha.

"Baba Paskalia, nasikia na Paska kaanza?"

"Ameanza."

"Basi chukua hivi viwili vya Sele, umpe usiku huu. Unahangaika nini, dawa si ni ileile?"

Alikuwa ameshika vipakiti viwili, vile nilivyokunja mimi.

Nikamwambia, "Hapana, Bi Zuhura. Weka. Nimeshapata vyake."

Akaniombea dua pale pale njiani, akaingia kwake. Nami nikaingia kwetu, nikakupa dawa iliyotimia.

Paskalia, nimeiandika sentensi hiyo nikanyanyuka, nikazunguka meza, nikarudi kukaa. Ilikuwa hatua sita kutoka mlango wangu hadi wake. Ningesema, lete vile, chukua hivi, nilikosea kupima. Ni maneno sita. Lakini angeuliza ulikosea vipi, na mumewe aliporudi kazini bandarini angemwambia, na mumewe angesema barazani, na kabla ya Ijumaa Bwana Kaetano angejua. Nikajiambia kwinini ipo ndani, imepungua robo tu, mtoto ana nguvu, atapona. Nikasema "tu", nikalala.

Siku ya tatu uliomba uji. Siku ya nne asubuhi nikasikia kilio ng'ambo ya njia.

Walinipa nimshike kabla ya kwenda makaburini, kwa kuwa mimi ni jirani na kwa kuwa, baba yake alisema mbele za watu wote, nilihangaika na dawa yake. Mtoto wa miaka minne katika sanda si mzigo. Mwezi mzima ulikuwa unauliza Sele yuko wapi, na ni mimi niliyekujibu kwamba amesafiri.

Sijui kama ile robo ndiyo iliyomuua. Nataka uelewe hivyo, maana utakutana nayo kazini. Masika yale walikufa watoto waliopewa dawa kamili, na walipona waliopewa majani tu. Naweza kusimama mbele ya hakimu nikasema sijui, na nitakuwa sijasema uongo. Lakini ninajua kwamba nilijua. Hilo halina robo.

Nilikitupa kijiwe mtaroni. Nikaenda kuungama, nikapewa sala, nikazisali zote, na nilipotoka kanisani Bi Zuhura alikuwa pale pale barazani kwake anasuka ukili. Mungu nilikuwa nimemwambia. Yeye sikuwa nimemwambia. Hakupata mtoto mwingine, unajua. Mumewe akafa, akabaki na sisi.

Na kosa langu la pili, Paskalia, ambalo nadhani ni baya kuliko la kwanza, ni kwamba nilikuwa mtu mzuri baada ya hapo. Nilipima mpaka wateja wakalalamika kwamba nachelewesha. Hakuna jiwe lililogusa kidole changu tena. Bwana Kaetano alipofunga duka kurudi kwao Goa, aliniandikia cheti kwamba mimi ni mtu wa scrupulus, yaani mwangalifu, katika kila kitu, nami nilikipokea, nikakitia kwenye fremu, ndicho kile ulichokuwa ukikifuta vumbi kila Jumamosi. Watu wa mtaa huu wanasema dawa ya Benedikto haina kasoro. Nimekula sifa hiyo miaka kumi na mitatu. Kila nilipotaka kusema, nilijiambia jambo lenyewe dogo, la zamani, sasa hivi litamwumiza mama wa watu bure. Nilikuwa nalihamisha, unaona, nalitoa katika watu wake na kulipeleka na vijiko na vikapu. Mgoa alikuwa ameshaniambia mapema kwamba halihami, na nilimsikia, na nilidhani tunazungumza habari za Kilatini.

Wiki iliyopita Bi Zuhura alileta ule mkeka wa safari, nawe ukapiga magoti kuupokea, naye akakushika kichwa akasema, "Nenda ukawe kama baba yako. Ukimpimia mtoto wa mtu, mpimie kama wako." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Wewe uligeuka ukanitazama kwa fahari, ukatabasamu. Ni tabasamu hilo ndilo lililonikalisha mezani leo.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini ya nguo zako, uikute ukiwa umeshapita Morogoro. Lakini nimefika hapa nimesimamisha kalamu. Siwezi kukuandikia wewe kabla ya kumwambia yeye. Nimemwona kupitia mlango wake ulio wazi, yupo uani kwake, peke yake. Naweka kalamu chini, nakwenda.

Nimerudi. Jua limeshuka upande wa Magomeni na nyinyi bado hamjafika. Naandika upesi yalivyokuwa, nisije baadaye nikayapamba.

Nilibisha hodi, akanikaribisha, akanisogezea kigoda. Nikamwambia ningependa kusimama. Nikamweleza tangu kijiwe kupotea hadi vile vipakiti viwili. Muda wote vidole vyake viliendelea kusuka ukili. Nilipomaliza hakuinua uso.

"Na Paskalia," akauliza, "ulimpimia kwa jiwe lipi?"

"Kwa jipya."

"Kabla hujakutana nami njiani, au baada?"

"Kabla. Vilikuwa mfukoni."

Akasuka kidogo tena, kisha akatazama alichosuka, akaanza kukifumua, maana alikuwa amekosea njia.

"Nilikupa viwili ukakataa," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nikadhani unamwonea huruma mwanangu, visije vikampungukia. Nimekuombea kwa jambo hilo, Baba Paskalia. Kila mwaka, siku yake ikifika, nakuombea wewe kwa jambo hilo."

Nilidhani nilikuwa nimeshaujua mwisho wa jambo hili, na sikuwa nimeujua. Nililia mbele yake, na hakunizuia wala hakunifariji.

Baadaye akasema, "Toka sasa. Kesho stesheni nitakuja. Nakuja kumuaga mwanangu, niliyemnyonyesha. Wewe usinisalimu, wala usinipe kiti."

Nikamuuliza kama nikuambie wewe.

"Hilo unaniuliza mimi?" akasema. "Si mwanao?"

Basi barua haitakwenda chini ya nguo. Nimeona kwamba kungoja upite Morogoro ilikuwa ni kujificha tena, ili unijue ukiwa huwezi tena kunitazama usoni. Mkirudi nitamwita mama yako kwanza, maana naye hajui, kisha nitakukabidhi barua hii mkononi kabla ya chakula. Uisome humu ndani. Ukitaka kuniuliza, nitakuwa nimekaa barazani. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, sitakuja kukugongea.

Mimi sina ruhusa ya kukuusia juu ya uaminifu, na sitajaribu. Nakuomba kitu kimoja cha kazi. Siku utakayokosea kupima, na utakosea, kwa kuwa mikono ya watu wote ina jasho, sema siku hiyo hiyo, kabla hujafika mlangoni kwako. Watakugombeza. Pengine watakurudisha nyumbani. Rudi. Nitakupokea bila swali, na nitakuwa nimefurahi kuliko siku uliyopata nafasi ya kwenda.

Kesho Bi Zuhura atasimama mbali nami. Usimvute karibu, usijaribu kutupatanisha mbele ya watu kwa sababu gari linaondoka na unataka kutuacha vizuri. Mwache asimame anapotaka. Nenda wewe kwake, umwamkie yeye kwanza, ukae naye kadiri anavyotaka, kisha mama yako, kisha shangazi akija. Mimi nitakuwa kule mwisho karibu na mizigo. Gari likipiga honi kabla hujanifikia, panda, mwanangu, usikimbie.

Baba yako,
Benedikto